Fundi Chuma Aliyetuachia Tuni ya Machozi



Mazoezi ya kwaya ya pamoja kwa ajili ya maadhimisho haya nusura yavunjike kwa sababu ya tuni. Wimbo ulikuwa mmoja, "Yesu Unipendaye". Asili yake ni maneno ya Charles Wesley yaliyochapishwa mwaka 1740, na sisi sote tunayajua kwa Kiswahili tangu Shule ya Jumapili. Lakini wenzetu wa ng'ambo waliuanza kwa tuni laini, ya kubembeleza, na sisi tukaingia na ile nzito ya maina, inayopanda polepole kama mtu mwenye mzigo kichwani. Sauti zikagongana. Dada mmoja akasema, "Hiyo yenu ya matangani jamani, hii ni sherehe!" Mzee wetu wa besi akajibu kwamba yeye aliokoka ikiimbwa hiyo hiyo ya matangani, na kama haitaimbwa basi yeye atakaa na wageni chini ya turubai. Nami nikaambiwa, mwalimu, wewe unayependa vitabu, tuandikie gazetini hii tuni imetoka wapi.

Juu ya nota zake imeandikwa neno Aberystwyth. Wengi wetu tulidhani ni jina la mtu. Kumbe ni mji, uko pwani ya Wales, na mtu mwenyewe anaitwa Joseph Parry.

Alizaliwa tarehe 21 Mei 1841 huko Merthyr Tydfil, mji wa viwanda vya chuma na makaa ya mawe. Malkia Victoria alikuwa na miaka minne tu kwenye kiti. Nyumba yao ilikuwa ndogo, watoto wanane, baba akifanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Cyfarthfa. Joseph alipofika miaka tisa shule ikaisha, akashushwa mgodini. Miaka kumi na miwili akawa kwenye matanuru. Msije mkadhani alikuwa na bahati mbaya kuliko wengine, huko ndivyo watoto wa maskini walivyolelewa wakati ule. Kilichokuwa tofauti ni jioni. Wawelshi walikuwa na makanisa madogo kila kona, na makanisani humo watu waliimba kwa sauti nne, wachimba makaa na wake zao, bila kinanda cha maana. Huko ndiko sikio lake lilikolelewa.

Baba akatangulia Marekani, na mwaka 1854 familia ikamfuata Danville, Pennsylvania, mji uliokuwa ukitengeneza reli za treni. Kijana akaingia tena kiwandani. Na hapa ndipo habari yake inapotuhusu sisi, maana mpaka wakati huo alikuwa anaimba kwa kusikia tu. Hakujua kusoma nota hata moja. Waliomfundisha hawakuwa maprofesa. Walikuwa wafanyakazi wenzake wa kiwandani, Wawelshi kama yeye: John Abel Jones alikuwa na darasa la kuimba, na John M. Price akamfundisha namna sauti zinavyopangwa moja juu ya nyingine. Mchana wanashika vyuma vya moto, usiku wanashika kalamu. Mtu wa namna hiyo tunamjua, kila tawi letu lina mmoja, seremala au mama wa sokoni ambaye Jumamosi jioni anageuka kuwa mwalimu wa muziki.

Wawelshi wana mashindano yao ya mashairi na nyimbo, wanayaita Eisteddfod. Parry akaanza kutuma kazi zake kutoka Marekani, zikavuka bahari, zikashinda. Swansea mwaka 1863, Llandudno mwaka 1864. Watu wakaulizana, huyu ni nani? Fundi chuma! Wakampa na jina la heshima, Pencerdd America, yaani bingwa wa muziki wa Amerika.

Sasa kulikuwa na tatizo ambalo linajulikana kwetu vizuri sana. Kipaji kipo, ada haipo. Kijana alikuwa ameshaoa, mkewe Jane, watoto wanakuja, na chuo kikubwa cha muziki cha London, Royal Academy of Music, hakikuwa cha watu wa mkono mtupu. Wawelshi wa Wales na wa Marekani wakafungua mfuko. Naye Parry akazunguka akifanya matamasha kuongezea. Si matajiri waliojaza mfuko ule. Wengi walikuwa watu wa migodini na viwandani, kila mmoja na alichonacho, wa nchi mbili zilizotenganishwa na bahari ya Atlantiki. Alisoma London kuanzia mwaka 1868 hadi 1871. Huko walimu wake walikuwa wakubwa wa zamani hizo, William Sterndale Bennett kwa utunzi na Manuel Garcia kwa sauti. Akachukua shahada ya muziki Cambridge mwaka 1871, na udaktari mwaka 1878. (Aliwapenda watunzi kiasi cha kuwaita wanawe Haydn, Mendelssohn na Sterndale. Mama yao sijui alisema nini.)

Baada ya London hakukimbilia sifa. Alirudi Danville kwa watu waliomchangia, akafungua shule ya muziki palepale. Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Ni wangapi tuliowachangia wakarudi tawini? Lakini na sisi tuulizwe pia, ni wangapi tuliowachangia kweli, siyo kwa kupiga makofi tu?

Mwaka 1874 chuo kipya cha Aberystwyth kikamwita awe profesa wake wa kwanza wa muziki. Chuo chenyewe kilikuwa na miaka miwili tu. Alidumu huko mpaka 1880, kisha akafundisha Swansea, na kuanzia 1888 Cardiff. Wanafunzi wake wakatawanyika makanisani na kwenye kwaya za Wales nzima. Alitunga mno, na niseme ukweli, mengine alitunga kwa haraka. Opera yake "Blodwen" ya mwaka 1878, iliyo katika lugha ya Kiwelshi, ilipendwa sana enzi zake, siku hizi ni mara chache kusikika. Wimbo wake wa mapenzi "Myfanwy" kwaya za wanaume wa Wales wanauimba mpaka leo. Wapo ndugu watakaokunja uso kwamba mtunzi wa tenzi katunga na wimbo wa msichana. Haya, alitunga, na ni mzuri.

Tuni yetu ilichapishwa mwaka 1879 katika kitabu cha nyimbo cha Kiwelshi, akaiita kwa jina la mji alimokuwa akifundisha. Itazame ilivyojengwa. Nyumbani kwake ni "la", siyo "do". Inaanza chini, inapanda hatua moja moja, inarudi, kama mtu asiye na uhakika kama mlango utafunguliwa. Halafu katikati inafunguka, sauti zinapanda, na ndipo unapoelewa kwamba yule aliyekuwa ananung'unika sasa analia kwa nguvu. Halafu inashuka tena kupumzika. Hakuna noti ya kujionyesha. Mtu yeyote mwenye sauti ya kawaida anaifikia. Huyu mtunzi alikumbuka wachimba makaa.

Kuna mwingine nisiyeweza kumruka, John Curwen. Huyu alikuwa mchungaji Mwingereza. Mwaka 1841, mwaka huohuo Parry anazaliwa, mkutano wa walimu wa Shule ya Jumapili mjini Hull ulimpa kazi ya kutafuta njia rahisi ya kufundisha watu kuimba. Akachukua mbinu ya mwanamke mwalimu wa Norwich, Sarah Glover, akaiboresha, na ndiyo hii solfa yetu: d, r, m, f, s, l, t. Wawelshi waliipokea kwa mikono miwili, maana haihitaji kinanda wala karatasi ya mistari, chaki na ubao vinatosha. Wamisionari wakaibeba mpaka Afrika. Kwa hiyo ukimwona mwalimu wa kwaya wa Sirari au wa Busia anaandika "m : r : d" kwenye ubao wa darasa la mkopo, ujue ameshika chaki ileile.

Mmoja wa waliofundishwa kwa solfa alikuwa Enoch Sontonga, mtoto wa Uitenhage, Afrika Kusini, aliyesomea ualimu Lovedale. Alifundisha shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, akaongoza kwaya, na mwaka 1897 akatunga "Nkosi Sikelel' iAfrika". Mwaka 1899 ukaimbwa hadharani kwenye kuwekwa wakfu kwa mchungaji. Wapendwa wa Tanzania hawahitaji kuambiwa zaidi, tangu 1961 wanasimama wima kwa tuni hiyo. Wa Zambia vilevile wanasimama kwa tuni hiyo, na maneno yao wenyewe.

Wapo wanamuziki wanaosema Sontonga aliijenga juu ya Aberystwyth ya Parry. Nimeziimba zote mbili, moja baada ya nyingine, mara nyingi kuliko jirani zangu walivyopenda. Moja ni maina, nyingine ni meja. Mimi sijashawishika kwamba ni mama na mtoto. Lakini malezi ni ya nyumba moja: hatua fupi fupi, sauti nne zinatembea pamoja, hakuna anayemwacha mwenzake nyuma. Mwenye sikio aamue mwenyewe.

Sontonga aliandika nyimbo zake kwa solfa katika daftari la shule. Alifariki mwaka 1905, akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Inasimuliwa kwamba daftari lile liliazimwa huku na huku baada ya kifo chake, mpaka likapotea. Kaburi lake nalo lilikaa miaka mingi bila alama, hadi mwaka 1996 likawekewa jiwe la ukumbusho.

Parry alimtangulia. Alifariki tarehe 17 Februari 1903, huko Penarth. Mwaka uliofuata moto wa uamsho ukawaka Wales. Evan Roberts, kijana aliyekuwa mchimba makaa, alianza mikutano Loughor, na watu walioiona waliandika hasa juu ya kuimba: hakuna kiongozi, hakuna ratiba, mtu mmoja anaanza wimbo kutoka viti vya nyuma na jengo zima linaingia kwa sauti nne. Iliwezekanaje? Roho alishuka, amina. Lakini sauti zile nne zilikuwa zimefundishwa miaka arobaini, na watu wa solfa, na wanafunzi wa Parry. Kutoka uamsho ule walitoka kina Stephen na George Jeffreys wa Maesteg waliokuja kuhubiri Upentekoste Uingereza nzima, na habari zake zilisomwa na kuombewa Los Angeles kabla ya Azusa mwaka 1906. Sisi ni wajukuu wa moto ule, na wakati mwingine tunasema kana kwamba mafundisho ya muziki ni mambo ya "madhehebu ya zamani".

Siku hizi vijana wetu wanajifunza kutoka kwenye simu. Wanasikia, wanashika, wanaimba, na wanaimba vizuri, sitawasema vibaya. Lakini tulipoomba nota za ile tuni ili tuwape wenzetu wa ng'ambo, hakuna kijana aliyekuwa nazo. Tulizipata kwenye daftari la mwalimu wetu wa kwaya wa kwanza, marehemu. Mjane wake alikuwa amelihifadhi chini ya godoro, jalada limeliwa na mende, kurasa za mwisho hazipo. Ndani yake mna nyimbo alizotunga mwenyewe, ambazo hakuna aliye hai anayezijua zote.

Mama ameturuhusu tulipige picha, ukurasa kwa ukurasa, na kazi hiyo imekwisha. Tawi lolote lenye daftari kama hilo, chini ya godoro au juu ya dari, lilete kwenye maadhimisho. Meza itakuwa karibu na jukwaa la kwaya, na mwenye daftari ataondoka nalo mkononi.

Na ile tuni, tumekubaliana. Beti mbili kwa tuni yao, beti mbili kwa yetu. Mzee wa besi amerudi mazoezini.