Jiwe Lililoitwa kwa Jina la Mwenzake



Juzi, baada ya mafundisho ya asubuhi, kijana mmoja wa hapa Basoko alinijia na kikopo mkononi. Ndani yake mlikuwa na mchanga wa ukingo wa mto Aruwimi, nao ulimetameta juani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ili wenzake wasisikie, "Mwalimu, hii ni zahabu?" Nikachagua kipande kilichokuwa kikubwa kidogo, nikakibandua kwa ukucha. Kikatoka vijiganda vyembamba kama maganda ya kitunguu. Ulikuwa ulanga tu. Dhahabu haibanduki hivyo. Ukiigonga kwa nyundo hupondeka ikawa bapa. Kijana alisikitika, nami nikamwambia asione haya. Hata watu wenye elimu kubwa na vyombo vya thamani wamepata kukosea jiwe, tena katika nchi yetu hii ya Kongo. Habari yenyewe ndiyo hii.

Kwanza tujue jinsi jiwe linavyotambulika. Macho peke yake hayatoshi. Mawe mawili yaweza kuwa na rangi moja, nayo yasiwe ndugu. Aliyefundisha ulimwengu jambo hili vizuri alikuwa padre wa Ufaransa, René Just Haüy, aliyezaliwa mwaka 1743 na kufa mwaka 1822. Husimuliwa kwamba siku moja alikuwa akitazama jiwe la chokaa lenye umbo zuri, likamponyoka mkononi na kuvunjika. Alipookota vipande akaona kwamba kila kimoja, kikubwa kwa kidogo, kina pembe zile zile. Akafahamu kwamba sura ya nje inatokana na mpango uliomo ndani. Mwaka 1792, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, alitiwa kifungoni kwa kuwa alikataa kiapo walichotakiwa mapadre. Akatolewa, akaendelea na kazi yake, na mwaka 1801 akatoa kitabu chake kikubwa cha elimu ya madini. Baada yake wataalamu wengine waliongeza kupima vitu vinavyolifanya jiwe. Basi tangu hapo maswali makubwa ni mawili: jiwe hili limefanywa kwa vitu gani, na vitu hivyo vimepangwaje ndani yake? Asiyejibu yote mawili hajalijua jiwe.

Sasa twende Katanga. Kiasi cha kilometa 30 kutoka Lubumbashi, karibu na mpaka wa Zambia, uko mgodi wa Kipushi. Wahunzi wa zamani walichimba shaba huko kabla ya Wazungu kufika. Mwaka 1924 kampuni ya Union Minière ikaanza kazi yake mahali hapo, na mgodi ukaitwa kwa jina la mwana wa mfalme wa Ubelgiji, Léopold. Ulikuwa mgodi wa utajiri wa ajabu. Toka mwaka 1924 hata ulipofungwa mwaka 1993 walichimba humo mawe yapata tani milioni 60, wakapata zinki tani milioni 6 na zaidi, na shaba tani milioni 4.

Miongoni mwa mawe ya shaba ya Kipushi lipo moja liitwalo borniti. Limefanywa kwa shaba, chuma na salfa. Likivunjwa sasa hivi lina rangi ya shaba nyekundu, lakini likikaa hewani hugeuka zambarau na buluu kama manyoya ya tausi. Pamoja nalo lilionekana jiwe jingine linalofanana nalo sana, ila rangi yake imeelekea zaidi ile ya chungwa. Wataalamu wakaliita "borniti ya rangi ya chungwa", kama mtu anayesema, "Huyu ni mtoto wa nyumba ile, ila ni mweupe kidogo." Jina likakaa.

Lakini jiwe hilo lilikuwa na tabia zake. Ukilikaribia na sumaku, huvutwa, borniti haivutwi. Ukilisugua hata ling'ae na kulitazama kwa darubini ndogo, haliangazi sawasawa na borniti. Mtaalamu mmoja wa kampuni, Bwana Vaes, akalichunguza. Akakuta humo shaba, chuma, zinki, aseniki na salfa, na tena kitu kimoja ambacho borniti haina kabisa: madini adimu yaitwayo jerimaniamu, sehemu kadhaa katika kila mia. Mwaka 1948 akaandika kwamba jiwe hili si borniti. Ni jiwe la peke yake. Akalipa jina renieriti, kwa heshima ya Armand Renier, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya jiolojia ya Ubelgiji. Jibu la swali la pili, juu ya mpango wa ndani, lilitimizwa baadaye sana, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1989.

Je, jerimaniamu ni nini? Kabla haijaonekana, ilikwisha kutabiriwa. Mwaka 1871 Mrusi Mendeleev alipopanga vitu vya asili katika safu zao aliona pengo, akasema hapo pana kitu ambacho bado hakijapatikana, na uzito wake utakuwa 72. Mwaka 1885 katika mgodi mmoja wa Freiberg, Ujerumani, likapatikana jiwe jipya la fedha, wakaliita argiroditi. Clemens Winkler akalipima: fedha karibu robo tatu, salfa, na chembe za chuma, zinki na zebaki. Alipojumlisha, hesabu haikutimia. Kila mara zilipungua kama sehemu saba katika mia. Mwingine angesema, "Nimekosea kupima," akaacha. Yeye akatafuta kile kilichopungua, na mwaka 1886 akakipata. Kilikuwa ndicho alichokitabiri Mendeleev, na uzito wake ni 72 na kitu.

Kwa miaka mingi jerimaniamu haikuwa na kazi kubwa. Lakini mwisho wa mwaka 1947, huko Marekani, transista ya kwanza ikatengenezwa kwa jerimaniamu. Redio ndogo zilizoingia vijijini kwetu zimetokana na kazi hiyo. Siku hizi hutumika katika nyuzi za kioo zinazopeleka habari kwa mwanga, na katika vioo vya vyombo vinavyoona joto gizani. Kutoka mawe ya Kipushi zilipatikana tani 278 za jerimaniamu kati ya mwaka 1956 na 1978.

Na zaidi ya hizo? Nyingine zilipita katika matanuru ya Lubumbashi zikatupwa pamoja na takataka. Aliyewahi kufika mji ule amekiona kile kilima cheusi kando ya bomba refu la moshi. Watu walikipita miaka mingi wakidhani ni uchafu tu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 kampuni ya STL, iliyo chini ya Gécamines, ilipeleka Ubelgiji jerimaniamu ya kwanza iliyotolewa katika kilima hicho. Kumbe tulichokiita takataka kilikuwa akiba! Lakini mtaona pia kwamba bado tunaipeleka ng'ambo ikasafishwe na wengine. Wazee wa Kiswahili walisema: penye miti hakuna wajenzi.

Yapo mengine ya kufikiri. Jiwe limetoka katika udongo wa Kongo, limechimbwa kwa mikono ya Wakongo, na jina lake ni la bwana wa Brussels. Simlaumu Vaes, alifanya kazi yake kwa uaminifu, na desturi ya wakati ule ilikuwa hiyo. Mwaka 1985 jiwe jingine la mahali pale liliitwa kipushiti, hivi hata Kipushi imepata jina lake katika vitabu vya madini vya dunia nzima. Lakini jina zuri halileti mkate. Mali isiyojulikana na mwenyewe ni mali ya yule aijuaye.

Kwa hiyo, ninyi wazazi na walimu, mtoto akiwaletea jiwe msimcheke. Mwonyesheni kulipima mkononi, kulikwaruza nyuma ya sahani iliyovunjika apate kuona rangi ya unga wake, kulikaribia na sumaku. Hayo hayana gharama. Yule kijana wangu wa Aruwimi amekwisha kurudi mara mbili. Mara ya pili hakuuliza tena kama ni dhahabu. Aliniuliza, "Mwalimu, hili nalo ni jiwe gani?" Swali hilo ni bora kuliko lile la kwanza.