Abu Talha na Mtoto wa Kufikia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani nyumba nyingi zina mtoto wa kufikia. Mama amefiwa na mumewe au ameachwa, eda imekwisha, akaolewa, akaja na mwanawe. Mume huyo, ikiwa ni mtu mwema, humlisha mtoto, humvisha, na ada ya chuo humlipia. Lakini akenda shambani au baharini humwacha nyumbani, kwani moyoni husema kuwa mtoto huyu ana babake. Basi na tutazame walivyokuwa waliotutangulia.

Anas bin Malik (r.a.) alikuwa mtoto wa Madina, wa ukoo wa Bani Najjar. Babake, Malik bin Nadhr, alifia Sham bila ya kusilimu. Mamake, Ummu Sulaym (r.a.), akaposwa na Abu Talha, ambaye siku hizo alikuwa angali mshirikina. Bibi huyo akamjibu kuwa mahari aitakayo kwake ni Uislamu wake tu. Abu Talha akasilimu, wakaoana, na Anas akalelewa katika nyumba yake.

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622, Anas alikuwa na umri wa miaka 10. Yeye mwenyewe asimulia, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba Abu Talha alimshika mkono, akampeleka kwa Mtume, akamsifu kuwa ni kijana mwerevu, akaomba awe mtumishi wake. Ni wangapi katika sisi tuwasifuo watoto wa wake zetu mbele za watu?

Wala mkono ule haukumwachilia hapo. Katika vita vya Khaybar, mwaka 628, Anas alipanda mnyama mmoja na Abu Talha, amekaa nyuma yake. Na safari nyingine, walipofika Marru Dhahran, bonde lililo karibu na Makka, walimkurupusha sungura. Watu wakamfukuza hata wakachoka, lakini Anas akamdiriki, akamkamata, akampeleka kwa Abu Talha. Abu Talha akamchinja, akampelekea Mtume mapaja yake, naye akayapokea.

Wanavyuoni huitaja hadithi hii kuwa ni dalili ya kuwa sungura ni halali kuliwa. Na ni kweli. Lakini ndani yake mna jambo la pili. Kijana anahema kwa mbio na furaha, na wa kumpelekea windo lake ni mume wa mamake. Mtoto hampelekei windo lake mtu asiyemjali. Na windo lile halikurushwa kando, bali lilitukuzwa kwa kupelekwa kwa Mtume.

Haya yote hayakumfanya Abu Talha kuwa mzazi wa Anas. Sura ya Ahzab yaamrisha watoto waitwe kwa baba zao, na Anas akabaki bin Malik mpaka kufa. Wala mtoto wa kufikia hamrithi mume wa mamake. Abu Talha alipoitoa sadaka bustani yake aipendayo, Bayruha, iliyoelekea msikiti wa Mtume, aliwagawia jamaa zake, wakiwamo Hassan na Ubayy. Anas ndiye atuhadithiaye habari hii, na asema wazi kuwa hao walikuwa karibu zaidi na Abu Talha kuliko yeye. Hamna ndani yake hata neno moja la uchungu.

Anas aliishi sana, akafariki Basra yapata mwaka 93 Hijria, naye amepokewa hadithi 2,286. Mengi tuyajuayo juu ya wema wa Abu Talha tumeyapata kwa ulimi wake. Hata kifo chake: kwamba alisafiri baharini katika jihadi hali ni mzee, akafia chomboni, na wenziwe hawakupata kisiwa cha kumzika ila baada ya siku 7. Tazama basi: mtoto asiyekuwa mrithi wa mali ndiye aliyeihifadhi sifa yake.

Ewe ndugu uliyeoa mwenye mtoto, chakula na nguo umekwisha kutoa, na ujira wako uko kwa Mola wako. Sasa toka naye. Maji yakipwa nenda naye ufuoni, umwonyeshe kutega dema kama ulivyoonyeshwa na babako ulipokuwa mdogo. Mfunze kupanda mnazi na kuupalilia. Akipata samaki wake wa kwanza, hata akiwa mdogo kama kidole, mwache akuletee, umsifu, mle pamoja. Na babake mtaje kwa wema, kwani jina lake ni haki ya mtoto.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kulea kwa huruma, na watoto wetu wote, wa kuzaa na wa kufikia, awafanye kitulizo cha macho yetu. Amin.