Orkestra ya Mji wa Chemchemi: Karlovy Vary tangu 1835

Magharibi ya Ucheki, si mbali na mpaka wa Ujerumani, umo mji mdogo wa Karlovy Vary, ambao Wajerumani huuita Karlsbad. Mji huo umejibana katika bonde jembamba la mto Teplá, na chini ya bonde hilo ardhi huchemka. Chemchemi kubwa kuliko zote, iitwayo Vřídlo, hurusha maji yenye joto la nyuzi zipatazo 73 hadi kimo cha mita 12. Kwa karne nyingi watu wamefunga safari kuyafuata maji hayo, wakitafuta shifaa ya maradhi ya tumbo na ini. Goethe alifika mara kumi na tatu. Beethoven alifika mwaka 1812.

Mgonjwa wa huko hakulazwa kitandani. Aliamka alfajiri, akashika bilauri yake, akanywa maji ya moto kidogo kidogo, akitembea polepole baina ya bilauri moja na nyingine. Siku ilikuwa ndefu na shughuli zilikuwa chache. Muziki ukaingia katika pengo hilo kama sehemu ya tiba, na mji ukaona ni haki mgeni aulipie: katika karne ya kumi na tisa, pamoja na kodi ya matibabu, mgeni alitozwa kodi ya muziki. Tangu mwanzo, basi, orkestra ya Karlovy Vary haikuwa pambo la jumba la mfalme wala zawadi ya tajiri. Ilikuwa huduma ya mji, kama taa za barabarani.

Aliyeipa huduma hiyo sura ya kudumu ni Josef Labitzky, aliyeunda orkestra yake mwaka 1835. Mpiga fidla huyu alizaliwa mwaka 1802 katika mji wa karibu wa Schönfeld, ambao leo huitwa Krásno. Alitunga dansi nyingi, hasa za mtindo wa waltz, na jina lake lilitajwa pamoja na yale ya Joseph Lanner na Johann Strauss baba, wafalme wa dansi wa mji wa Vienna. Alisafiri hadi London na Petersburg. Lakini kazi yake hasa ilikuwa nyumbani: kupiga asubuhi penye chemchemi, na kupiga tena baadaye katika bustani na mikahawa.

Ni rahisi kuidharau kazi ya namna hiyo. Hata hivyo mkono uliozoea kazi ya kila siku haukosi kupata wepesi, na masikio ya wageni waliotoka Vienna, Berlin na Warsaw hayakuwa masikio ya kubembelezwa kwa urahisi. August Labitzky, mwana wa Josef, aliyesoma muziki Prague na Leipzig, alipoirithi orkestra mwaka 1868, alirithi wapigaji walioweza zaidi ya dansi.

Jambo hilo lilidhihirika tarehe 20 Julai 1894. Antonín Dvořák, mtunzi Mcheki, alikuwa ameitwa New York mwaka 1892 kuongoza chuo cha muziki, na huko akatunga simfoni yake ya tisa, iliyopewa jina la Ulimwengu Mpya. Ilisikika mara ya kwanza New York tarehe 16 Disemba 1893, kisha London mwezi Juni 1894. Mwezi mmoja baadaye August Labitzky aliipiga katika jumba la Posthof mjini Karlovy Vary. Prague yenyewe, mji mkuu wa Wacheki, ilingoja mpaka Oktoba. Sehemu ya pili ya simfoni hiyo, ambamo ala moja ya kupuliza ya jamii ya zumari huimba peke yake kwa sauti ya majonzi, imesikika baadaye karibu kila pembe ya dunia. Katika bara la Ulaya, walioitangulia kuisikia ni wagonjwa wa ini katika mji wa mkoani.

Kuna jambo jingine katika onyesho hilo. Karlovy Vary wa zama hizo ulikuwa mji wa Wajerumani. Orkestra ilizungumza Kijerumani, na kiongozi wake vilevile. Ugomvi wa lugha ulikuwa ukichemka Bohemia nzima. Mwaka 1897, serikali ya Vienna ilipoamuru watumishi wa serikali katika Bohemia wajue Kicheki na Kijerumani, fujo zilizuka mabarazani na barabarani. Miaka mitatu kabla ya fujo hizo, Wajerumani wa Karlovy Vary walikuwa wameipiga simfoni ya Mcheki kwa sababu moja tu: ilikuwa kazi njema na mpya.

Historia haikuuendea mji huo kwa upole. Dola ya Austria na Hungaria ilipovunjika mwaka 1918, Karlovy Vary ukawa sehemu ya Chekoslovakia, bila ya wakaazi wake wengi kupenda. Mwaka 1938, kwa mapatano ya Munich, ulikabidhiwa Ujerumani ya Hitler. Vita vilipokwisha mwaka 1945, kisasi kilipita nyumba kwa nyumba. Wajerumani wapatao milioni tatu waliondolewa Chekoslovakia, wengi wakibeba kile tu walichoweza kukishika mkononi. Katika Karlovy Vary karibu mji mzima ulibadilisha watu. Orkestra iliundwa upya na wanamuziki Wacheki, waliokalia viti vilivyoachwa.

Hapa ndipo penye swali zito. Orkestra ya Karlovy Vary hujihesabia umri tangu 1835. Je, ni haki? Lugha ya mazoezi ilibadilika, jina la mji likatamkwa kwa lugha nyingine, na wajukuu wa wasikilizaji wa zamani walikuwa wakilia ugenini. Ukiangalia damu, hapana uzi uliobaki. Ukiangalia kazi, uzi haukukatika: chemchemi ile ile, bustani zile zile, na desturi ile ile ya mji kuwatunza wapigaji wake.

Walioshika kazi baada ya vita waliijenga nyumba yao juu ya jina la Dvořák. Tamasha la kila mwaka la Msimu wa Majani Kupukutika wa Dvořák lilianza mwaka 1959, na mashindano ya kimataifa ya waimbaji yenye jina lake mwaka 1966. Radomil Eliška aliiongoza orkestra tangu 1969 hadi 1990; uzeeni, wasikilizaji wa Sapporo, Japani, walimpenda kama aliyezaliwa kwao. Chini ya utawala wa Kikomunisti waliokaa mbele ya orkestra hawakuwa tena makabaila. Wengi walikuwa wafanyakazi waliopelekwa na vyama vyao kunywa maji na kupumzika. Muziki haukuwauliza wanatoka wapi.

Baada ya 1989 wageni walibadilika tena, na mara hii walikuja na pesa za kigeni. Utegemezi huo una hatari yake. Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliwafungia wageni nje, na mwaka 2022 vita vya Ukraine vikawaondoa Warusi, waliokuwa wengi mno mjini. Orkestra imesalimika kwa sababu mji ndio unaoigharamia. Mwaka 2021 UNESCO iliuandika mji huo, pamoja na miji mingine kumi ya chemchemi ya Ulaya, katika Urithi wa Dunia. Na mwaka 2023 Hamamu za Kaizari, jengo la 1895, zilifunguliwa upya zikiwa na ukumbi wa muziki ndani yake.

Urithi, basi, ni wa anayeutunza, lakini mtunzaji ana deni la kutaja aliyetangulia. Orkestra ya Karlovy Vary inapoandika 1835 chini ya jina lake, inalitaja jina la Labitzky katika mji ambao watu wake walifukuzwa. Kutaja huko hakuwarudishi waliokwenda. Kunazuia tu wasifukuzwe mara ya pili, katika kumbukumbu.