Waliojua Njia

Ukifanya kazi EPZ Athi River kwa muda, unazoea kupima kila kitu kwa tageti. Vipande vingapi kwa saa. Dakika ngapi za chai. Jumapili ngapi kabla mshahara uingie. Ndiyo maana mwenzetu mmoja wa laini ya mifuko aliposema tuchange pesa twende Hell's Gate, tuendeshe baiskeli na kulala kwa hema, mtu alimuuliza, "Na tageti ni ngapi?" Tulicheka, lakini tulichanga. Baada ya miezi 4, tulikuwa watu 12 stendi ya EPZ saa kumi na moja asubuhi, Jumamosi ya likizo, kila mtu na blanketi yake.

Tulibadilisha matatu Nairobi, tukashuka Naivasha, tukakodi baiskeli karibu na lango la Elsa. Hapo ndipo tulipokutana na kiongozi wetu, kijana wa Kimaasai wa maeneo hayo. Aliangalia breki za kila baiskeli moja moja, akatuambia tubebe maji zaidi, kisha akaangalia mbingu kwa muda mrefu. Sikulitilia maanani jambo hilo la mwisho.

Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache Kenya ambapo unaruhusiwa kupita kwa miguu au baiskeli. Njia ni vumbi tupu, na magenge mekundu yamesimama pande zote mbili kama kuta. Pundamilia wanakutazama kama mtu aliyechelewa kazini. Ukisonga mbele kidogo unafika kwenye mwamba uliosimama peke yake, kama mita 25 kwenda juu. Ramani inauita Fischer's Tower. Tulipiga picha zetu hapo, kisha mmoja wetu akauliza, "Huyu Fischer alikuwa nani?"

Gustav Fischer alikuwa Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883, akitokea Pangani. Alikuwa anatafuta njia ya kuvuka nchi ya Wamaasai kuelekea Ziwa Victoria. Hakuvuka. Wamaasai walimzuia, akarudi alikotoka. Fikiria hilo kidogo: mwamba una jina la mtu aliyeshindwa kupita. Wamaasai wana hadithi yao kuhusu mwamba huohuo. Wanasema alikuwa bibi harusi aliyekatazwa kuangalia nyuma akienda kwa mumewe. Aliangalia, akageuka jiwe.

Mwaka huohuo wa 1883, Mskoti Joseph Thomson naye alikuwa njiani kutoka Mombasa. Jaribio lake la kwanza lilimrudisha nyuma. Alifanikiwa kupenya alipojiunga na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani. Kimameta alikuwa ameshaijua nchi hiyo. Alijua visima viko wapi, na hongo ya shanga na nyaya inalipwa vipi na kwa nani. Thomson alirudi kwao akaandika kitabu, na swala wetu wa kawaida akapewa jina lake. Miaka 4 baadaye, Count Teleki alipotaka kwenda kaskazini, alimtafuta Kimameta huyohuyo. Machi 1888 walifika kwenye ziwa tunaloliita Turkana. Teleki akalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria ambaye hajawahi kuliona.

Kiswahili cha misafara kilikuwa na neno la mtu anayetangulia: kirangozi. Alitembea mbele, wakati mwingine na ngoma, na wapagazi walifuata hatua zake. Kama alipotea, wote walipotea. Ni neno ambalo siku hizi utalikuta kwenye kamusi tu, lakini kazi yenyewe haijaisha. Kijana aliyekuwa anapiga pedali mbele yetu alikuwa kirangozi, tofauti tu ni kwamba alikuwa amevaa helmeti.

Hayo ya mwamba tuliyasoma kwa simu tukipumzika kivulini. Yaliyobaki tulielezwa na yeye. Mwaka 1904, chini ya mkataba na Waingereza, Wamaasai walihamishwa kutoka malisho haya ya Naivasha ili walowezi wapate nafasi kando ya reli. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kutoa umeme kwa mvuke wa ardhini. Mwaka 1984 mbuga ikatangazwa. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zikahamishwa tena, safari hii kupisha mtambo mwingine wa mvuke. "Sisi tumejua njia zote hapa," alisema, "kwa sababu tumetolewa kwa zote." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayekueleza choo kiko wapi.

Mwenzetu wa laini ya mifuko alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe stima ya cherehani zetu inatoka hapa?" Kwa kiasi, ndiyo. Mvuke wa ardhini unaleta zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya, na mwingi unatoka Olkaria. Umeme ukishaingia kwenye gridi huwezi kusema huu ni wa nani, lakini si rahisi kuona mabomba yale na usifikirie shati unaloshona Athi River.

Na huo si uhusiano wa kwanza kati ya kwao na kwetu. Karibu na EPZ kuna vilima vya Lukenya, vile unavyoviona ukielekea Machakos. Wanaakiolojia wamechimba huko wakapata vifaa vya watu wa Zama za Mawe, na baadhi vimetengenezwa kwa obsidiani, jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa. Walipolichunguza waligundua kwamba sehemu yake ilitoka pande za Naivasha, karibu kilomita 100 kutoka hapo. Makumi ya maelfu ya miaka kabla ya matatu, kabla ya Kimameta, jiwe la huku lilifika kwetu kwa miguu ya watu. Pengine lilipita mkono hadi mkono, lakini katika kila kipande cha safari kulikuwa na mtu aliyejua maji yako wapi. Jina lake hatuna.

Saa tisa alasiri tulifika kwenye korongo lenyewe, Ol Njorowa. Baiskeli unaziacha juu, unashuka kwa miguu. Lilichongwa na maji ya Ziwa Naivasha, wakati ziwa hilo lilikuwa kubwa zaidi na likifurika kuelekea kusini. Ukiangalia ukuta ulivyolainika, unaelewa maji yanaweza kufanya nini. Kiongozi wetu alisimama pale juu, akaangalia vilima vya mbali ambako wingu moja jeusi lilikuwa limekaa, akasema, "Leo hatuingii."

Jua lilikuwa linatuchoma. Mtu alisema, "Boss, tumelipa." Mwingine akasema tumetoka mbali, tutaambia nini watu. Mimi pia nilinung'unika, nakubali.

Hakubishana. Alitukumbusha miaka 2 tu. Mwaka 2012, vijana wa kikundi cha kanisa walichukuliwa na mafuriko ya ghafla humu ndani. Septemba 2019, watu 7 walikufa vivyo hivyo, akiwemo kiongozi wao wa matembezi. Mvua inanyesha mahali usipoiona, maji yanakuja bila kupiga hodi, na kwenye sehemu nyembamba huna pa kupanda. "Ile siku ya 2019," alisema, "yule wa kwetu pia hakurudi nyumbani."

Tuliendesha hadi kambi ya Naiburta, palipoinuka, tukafunga hema. Nilipomwambia ningeandika safari hii, aliniomba nisitaje jina lake. Nimeheshimu. Mwanzoni nilidhani dhambi ya historia ni kusahau majina ya viongozi kama yeye. Lakini Thomson alimtaja Kimameta, na Fischer jina lake limeandikwa kwa mwamba. Aliyefika mbali ni yule aliyekubali kuongozwa. Sisi siku hizi tunamlipa kiongozi, tunamwita boss, halafu akituambia turudi tunamwonyesha risiti.

Usiku hakukunyesha kambini. Alfajiri alishuka korongoni peke yake, akarudi na matope hadi vifundoni. "Twendeni," alisema. Tulimfuata mmoja mmoja. Kwenye ufa wa mwamba, juu ya vichwa vyetu, nyasi kavu na matawi yalikuwa yamekwama. Sikuuliza yaliletwa na maji ya lini. Nilihakikisha tu naona mgongo wake mbele yangu.