Sifuri ya Mbele na Istilahi "Kubadili Namba"

Wafasiri wengi wa taaluma ya kompyuta, wakikuta namba inatolewa katika kizio kimoja na kuandikwa katika kingine, huandika "kubadili namba". Sisi hatukubaliani nao. Wazee wetu walihesabu kenda, nasi twahesabu tisa. Jina ni jingine, idadi ni ile ile. Vivyo hivyo 255 ya kizio cha kumi ndiyo 377 ya kizio cha nane. (Neno "kizio" nalo lina mgogoro wake, maana wanafizikia wameliazima kwa mita na kilogramu.)

Kosa hili si la maneno matupu. Lugha ya C, iliyobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifuata kanuni kwamba tarakimu zikitanguliwa na sifuri zisomwe kwa kizio cha nane. Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991, ikairithi. Aliyeandika 010 akidhani ni kumi alipata nane, wala mashine haikumwonya. Toleo la tatu la mwaka 2008 ndilo lililokomesha desturi hiyo: 010 hukataliwa, na aitakaye nane kwa kizio hicho huandika 0o10.

Python yenyewe hutenganisha mambo mawili. Amri int("377", 8) huleta namba. Amri hex(255) huleta maandishi tu, yaani '0xff'. Kwa hiyo twapendekeza "kusoma kwa kizio" kwa amri ya kwanza, na "kuandika kwa kizio" kwa ya pili. Mwenye istilahi bora na atuletee.