Kujitolea kwa Amri

Gari la matangazo likipita mtaani na kusema wananchi wote mnaombwa kujitolea kufanya usafi Jumamosi, kisha likaongeza kwamba asiyefika atatozwa faini, wengi wetu tunacheka kidogo halafu tunatafuta fagio lilipo. Tumezoea. Lakini neno kujitolea lina ile "ji" katikati, na hiyo "ji" ndiyo inayobeba uzito wote. Mtu hujitolea, hatolewi. Historia ya namna tulivyoipoteza "ji" hiyo, na mahali ilikorudi, inaanzia vijijini kabla ya kufika mjini.

Tuanze na miaka ya mwanzo ya uhuru. Kaulimbiu ya TANU ilikuwa Uhuru na Kazi, na kazi kweli ilifanyika. Watu walichimba barabara, wakafyatua matofali, wakasimamisha madarasa na zahanati kwa mikono yao. Baadhi ya maeneo tayari yalikuwa na neno la kazi za namna hiyo, kama vile msaragambo kwa watu wa kaskazini. Serikali haikulazimika kufundisha mtu kusaidiana na jirani. Ilikuta desturi, ikaiomba ifanye kazi kubwa zaidi.

Mfano uliokwenda mbali kuliko yote ulikuwa Ruvuma. Vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye vijiji kadhaa vikaungana katika Ruvuma Development Association, chama ambacho Ntimbanjayo Millinga alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Walilima pamoja, wakawa na shule yao Litowa, na mambo yao waliyaamua wenyewe mikutanoni. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Hata hivyo, Septemba 1969 chama tawala kilikivunja chama chao. Kosa lao, ukisoma kwa makini, halikuwa uvivu wala kushindwa. Walikuwa wamezoea kujiamulia, na wakubwa wa mkoa na wa chama hawakupenda kijiji kinachouliza maswali.

Sasa njoo kwetu. Mimi ni mtu wa Kasanda, ambako leo ni Wilaya ya Kakonko ila wazee bado wanasema Kibondo, maana Kakonko ilimegwa huko muongo uliopita tu. Zamani Waha waliishi wametawanyika vilimani, kila mji na migomba yake na ng'ombe wake, jirani akiwa ng'ambo ya bonde. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Watu wakahamishwa kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Ukipita leo barabara ya kutoka Nyakanazi kushuka Kibondo hadi Kasulu na kuona nyumba zimejipanga kandokando kama wanafunzi mstarini, usidhani Waha walipenda kujenga hivyo. Mpango ule ulichorwa na mtu mwingine.

Tusiwe wachoyo wa haki: vijiji vilirahisisha shule, visima na zahanati, na wengi wetu tulisoma kwa sababu hiyo. Ila migomba iliachwa nyuma, na pamoja nayo ile hisia kwamba pahali hapa ni pangu, nitapatunza. Mwaka 1968 Nyerere mwenyewe alikuwa ameandika, katika Uhuru na Maendeleo, kwamba watu hawaendelezwi, wanajiendeleza. Novemba 1973 akatangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja, na hapo ikawa amri. Kati ya miaka hiyo miwili ndipo "ji" ilipodondoka.

Mjini nako mambo yalikuwa na sura yake. Baada ya Shirika la Nyumba la Taifa kuundwa mwaka 1962, Dar es Salaam ilijaribu kubomoa vibanda na kujenga nyumba mpya mahali pale pale. Fedha haikutosha na watu walizidi kumiminika. Kuanzia 1972 sera ikageuka: mitaa isiyopimwa iboreshwe badala ya kuvunjwa, na Manzese ikawa miongoni mwa maeneo ya kwanza, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Barabara na maji vilikuja, ila mpango ulitoka ofisini. Mfadhili alipoondoka, mitaro ilijaa taka na hakuna aliyeona kwamba ni mzigo wake.

Ndiyo maana mimi naipenda sana habari ya Hanna Nassif, Kinondoni. Mtaa huu upo kwenye mteremko wa bonde la Msimbazi, na kila masika maji yaliingia ndani ya nyumba. Katika miaka ya 1990 wakazi walichagua kamati ya chama chao cha maendeleo. Shirika la Kazi Duniani, UNDP na Ford Foundation walisaidia fedha na utaalamu, pamoja na wahandisi wa chuo cha ardhi, ambacho sasa ni Chuo Kikuu Ardhi. Jambo jipya lilikuwa mkataba: chama cha wakazi ndicho kilichopewa kazi ya kujenga mitaro na barabara, na wakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, ndio waliochimba na kulipwa. Aliyechimba alijua mtaro unakwenda wapi, na aliyesimamia hesabu alikuwa jirani yake, wa kuulizwa mlangoni.

Haikuwa pepo. Mtaa ulipopendeza, kodi ya nyumba ilipanda, na mpangaji aliyevumilia mafuriko miaka yote ndiye aliyehama. Hili lazima lisemwe kila tunaposifia uboreshaji: mwenye nyumba na mpangaji hawachimbi mtaro mmoja.

Miaka ya karibuni "ji" imejitokeza kwa namna nyingine. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, ilidhihirika kwamba jiji halina hata ramani ya mitaa yake. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukawaweka pamoja wanafunzi wa vyuo na wakazi, wakatembea kichochoro kwa kichochoro, wakiuliza wenyeji maji yanafika wapi mvua ikinyesha. Mama anayeuza vitumbua kona ile amejua jibu siku zote. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kwa hiyo sina ugomvi na fagio la Jumamosi. Usafi ni wetu, na shule za kata zilizojengwa kwa nguvu za wananchi tangu 2004 zinasimama hadi leo, Kigoma ikiwemo. Ugomvi wangu ni na mkutano unaoitishwa baada ya uamuzi kupitishwa. Mtu aliyeulizwa kabla ataleta jembe lake, na mvua ijayo atarudi kuzibua mtaro bila tangazo la gari. Aliyeamriwa ataleta mwili tu, asaini daftari la mahudhurio, aondoke.