Ukuta wa Majid pale Sokoine

Mimi ni fundi mwashi. Nyumba nilizojenga Ilala na Buguruni karibu zote ni za tofali za saruji, na ukuta ninaouheshimu kuliko zote si wangu. Uko kona ya barabara za Sokoine na Morogoro, Dar es Salaam: Boma la Kale, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa tangu 1867.

Aliyelijenga ni Sultani Majid bin Said wa Unguja. Jirani na kijiji cha Mzizima alitaka kuinua mji na bandari. Akajenga kasri lake, na jengo hili likawa la wageni wake. Mwaka 1870 akafariki. Barghash, mdogo wake aliyerithi kiti, hakuutaka mji huo. Kazi zikasimama, kasri likaachwa bila mwenyewe, na leo halipo.

   Iliyobaki ni nyumba ya wageni tu.

Nayo ilipona kwa sababu haikukosa watu. Wajerumani walioingia 1887 waliitia kazini, Waingereza nao wakaitumia, na penye watu, tundu la paa huzibwa kabla mvua haijashuka ukutani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilipangiwa kubomolewa, ikanusurika. Sasa ni kituo cha urithi wa usanifu majengo, na mlango wake wa nakshi za Unguja ungalipo.

Wanafunzi wangu nawapeleka pale watazame vyumba: virefu, vyembamba. Upana unatokana na boriti za mikoko, ambazo hazifiki mbali kabla hazijaanza kulegea. Kisha nawaonyesha chokaa. Ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, yakamwagiwa maji, yakaachwa yapoe na kulainika. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu wa bahari na kuutoa tena. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hubaki ndani, na lipu huanza kubanduka pamoja na vipande vya jiwe. Nimeona nyumba za kale mjini zikiharibiwa hivyo, na waliofanya waliita ukarabati. Anayetaka kuzitengeneza aanze kwa kutafuta chokaa.